Vidonge Viwili vya Mama Zuhura

Saa saba na robo usiku mlango wangu uligongwa kwa kiganja. Mtu anayekuja kwa heri hubisha kwa kifundo cha kidole, tena husema hodi. Kiganja ni cha shida.

"Mwalimu! Mwalimu, mama hapumui!"

Zuhura. Nilitoka na msuli na fulana. Nyumba yetu ni zile za Temeke mnazozijua: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi umejaa ndoo, na chumba chao ni cha mwisho karibu na uani. Mama Zuhura alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameikita magotini, mabega yanapanda na kushuka. Kila alipovuta pumzi, ngozi ya pale juu ya kifua, katikati ya mitulinga, ilizama ndani kama pazia linalovutwa kutoka upande wa pili. Mluzi wa kifua niliusikia tangu ukumbini. Inhela yake ilikuwa mkekani, ukiitikisa hakuna kitu.

Bajaji tuliipata haraka, kwa bahati. Hospitalini wakamvalisha barakoa ya mvuke wa salbutamoli na kumchoma sindano. Daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa juzi, akauliza swali ambalo ninalala nalo wiki ya sita sasa.

"Leo amemeza dawa gani?"

Zuhura akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Mama Zuhura akaisogeza barakoa kidogo. "Diklo. Jino liliniuma. Nilinunua dukani."

Hakununua dukani.

Nilimpa mimi.

## Mwiba wa changu

Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimetoka soko la samaki la Feri na changu wawili wazuri, nikajifanya mjanja wa kukwepa hela ya wapara samaki. Nikawapara mwenyewe uani. Mwiba wa pezi la mgongo ukaniingia kidole gumba, chini kidogo ya ukucha. Nikakinyonya, nikaendelea na kazi. Kufika jioni kidole kina moto, kimevimba, kinadunda. Wekundu kwa ngozi kama yangu hauonekani vizuri, ila kiling'aa kama bilinganya. Kesho yake sikuweza kushika chaki.

Wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Mrumi mmoja, Celsus, aliziandika dalili hizo nne katika karne ya 1, na hadi leo ndizo tunazowakaririsha watoto darasani. Kushindwa kushika chaki ni dalili ya tano, iliongezwa baadaye. Zote kwa pamoja ndizo waandishi wa afya wanaziita mchochota.

Zahanati walikisafisha kidole, wakaniandikia vidonge kumi vya diklofenaki. Nilimeza vinne, kidole kikanywea. Sita vikabaki kwenye droo pamoja na betri za rimoti na risiti za luku.

Saa tano ya usiku ule wa kiganja, kabla hajabanwa, Mama Zuhura akabisha, kwa kifundo cha kidole. "Mwalimu, huna kitu cha kutuliza? Jino linanipasua kichwa." Katika nyumba ya kupanga dawa huzunguka kama mbuzi ya nazi, leo kwangu, kesho kwako. Nikamkatia viwili. Alimeza kimoja palepale kwa maji yangu, na cha pili, nadhani, alipofika kwake.

Nafundisha baiolojia. Nilijua ana pumu.

## Kila mtu alisema aleji

Asubuhi yake nyumba nzima ilikuwa na jibu. Aleji. Baba Shabani wa chumba cha mbele alisema aleji. Muuza genge alisema aleji. Nami nikaitikia, maana neno hilo lilinipa nafuu: aleji ni mapenzi ya Mungu, haina mtu wa kulaumiwa.

Lakini halikunikaa. Dawa ile kazi yake ni kupunguza mchochota, na kwenye kidole changu niliiona kwa macho ikipunguza. Pumu nayo ni mchochota, wa njia za hewa. Iweje kidonge kilekile kizime moto kwangu na kuuwasha kwake?

Tena kulikuwa na jambo ambalo sikulitilia maanani mwanzoni. Mama Zuhura anachoma vitumbua uani kila alfajiri, na mara mbili tatu kwa wiki anaviunguza. Watoto humtania. Pua yake imeziba miaka mingi, anasema ni vumbi la Temeke, na harufu ya kuungua haimfikii mpaka aone moshi.

Shikilia hapo. Nitarudi kwenye pua.

## Hodi ya mgeni na hodi ya mwizi

Nilianzia kwenye kidole, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nacho.

Mwaka 1882, akiwa Messina, kisiwani Sicilia, Mrusi aitwaye Ilya Mechnikov alichukua mabuu ya kiti cha pweza, viumbe wanaopitisha mwanga kama maji ya mchele, akawachoma kwa miiba ya waridi. Asubuhi akakuta seli zimejikusanya kuzunguka mwiba. Hakuna aliyeziita, hakuna mshipa wa damu ulioziletea pale. Kwa kazi iliyotokana na jambo hilo alipata Nobeli mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich. Nilipoisoma nilikitazama kidole changu kwa heshima kidogo.

Seli hizo tunaziita makrofaji. Zinakaa chini ya ngozi, kwenye mapafu, kwenye ini, kila mtaa wa mwili una zake, kama sungusungu. Swali lililobaki zaidi ya karne nzima ni hili: zinamjuaje mwizi?

Jibu ni vipokezi, yaani molekuli zilizochomoza kwenye utando wa seli, kila aina ikiitambua hodi yake. Kipo kinachoitwa TLR4, kinachotambua mchanganyiko wa mafuta na sukari uliopaka maganda ya bakteria wa aina nyingi, wakiwemo wengi wa baharini. Jules Hoffmann na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba nzi hutumia kipokezi cha jamii hiyo kujikinga na ukungu. Mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake wakakuta panya wasiokuwa na TLR4 nzima hawashtuki hata wakidungwa ganda la bakteria. Wote wawili walipata Nobeli mwaka 2011. Kipo kingine, Dectin-1, kinachoshika sukari ya ganda la hamira na fangasi. Vipo pia vinavyokamata mkia wa kingamwili iliyokwisha kumng'ang'ania adui.

Hapa nilikosea, na nilikosea kwa wiki nzima.

Nilichora kwenye daftari mshale mmoja mnyoofu. Bakteria anagusa TLR4, TLR4 inapiga kengele, mafuta yanayoamsha mchochota yanamwagika, kidole kinavimba. Mchoro safi, wa kuweka ubaoni. Kumbe watu waliokuwa wakipima makrofaji maabara katika miaka ya 1980 waliona kitu chenye kona zaidi. Ukiipa makrofaji ganda la bakteria peke yake, mafuta inayoachia ni kidogo. Inajiweka tayari tu. Ukija kuigusa mara ya pili kwa kitu cha kumeza, mfano chembe ya ganda la hamira, ndipo inaachia mengi, tena kwa dakika chache, na mengi kuliko ingeachia bila ile hodi ya kwanza.

Ni mtaa wetu kabisa. Mtu akipiga kelele ya mwizi mara moja usiku, watu wanaamka, wanatafuta kandambili, wanashika rungu, wanasikiliza. Kelele ya pili ndiyo inayofungua milango.

## Ukuta wenyewe ndio pipa

Sasa hayo mafuta.

Nimefundisha somo hili kwa Kiingereza miaka kumi na moja. Nikitamka majina marefu darasa linanyamaza, nami huchukulia ukimya ule kuwa ni kuelewa. Nilipojaribu kumweleza Mama Zuhura kichwani mwangu, kwa Kiswahili, nilikwama palepale kwenye neno "yanaachiwa". Yanaachiwa kutoka wapi? Sikuwahi kujiuliza.

Yanatoka ukutani.

Utando wa seli ni mafuta. Kila molekuli yake ina kichwa kimoja na mikia miwili, na zimepangwa kwa mamilioni, vichwa nje, mikia ndani. Mkia wa kwanza kwa kawaida ni wa mafuta ya kawaida tu. Wa pili, katika baadhi ya molekuli, ni asidi ya arakidoni: kaboni 20, zenye viungo maradufu vinne vinavyoukunja mkia. Huko imefungwa, imetulia, haimdhuru mtu. Ni sehemu ya jengo.

Kipokezi kikishtuka, mambo mawili hutokea ndani. Kalsiamu, ambayo nje ya seli ni nyingi mara elfu kumi hivi kuliko ndani, inafunguliwa milango, ya nje na ya maghala ya ndani, ikapanda ghafla ndani ya seli. Wakati huohuo msururu wa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za seli, unapokezana chembe za fosfeti, kama watu wanavyopokezana ndoo kwenye moto, mpaka chembe moja inabandikwa kwenye kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi A2. Hiki muda wote kilikuwa kinaelea ovyo kwenye maji ya seli. Kalsiamu inakishusha na kukibandika kwenye kuta za ndani, hasa zile zinazozunguka kiini, na ile fosfeti inakipa makali. Kinakata mkia wa pili.

Asidi ya arakidoni inachomoka.

Nilisoma sentensi hiyo usiku, umeme umekatika, kwa mwanga wa simu, na nilikaa nayo muda mrefu. Nilizoea kufikiri maumivu yanaletwa na bakteria, kwamba wametia sumu kidoleni. Hapana. Kilichokuwa kinadunda chini ya ukucha wangu kilikuwa kimetengenezwa kwa vipande vya kuta za seli zangu mwenyewe, zimevunjwa makusudi, na kimeng'enya changu, kwa amri ya kipokezi changu. Bakteria alibisha hodi tu.

(Kwa wale watakaoniuliza kama basi tuache mafuta ya alizeti, kwa sababu mwili hutengeneza asidi hiyo kutokana na mafuta kama hayo: niliuliza pia. Mwili una udhibiti wake, na kula alizeti zaidi hakupandishi sana kiasi cha arakidoni kwenye seli. Endeleeni kukaanga. Wale wanaopanda daladala na makopo ya mafuta ya samaki yanayotibu kila kitu, wana chembe ya ukweli, maana mafuta ya vibua na dagaa hushika baadhi ya nafasi hizo ukutani na yakikatwa hutoa ujumbe mpole zaidi. Lakini vibua wapo Feri, na bei yake si ya kopo.)

## Njia panda

Asidi ikishachomoka haidumu. Inafika njia panda.

Njia ya kwanza inaanza na vimeng'enya vya COX, na inatoa prostaglandini. Jina hilo alilibuni Ulf von Euler wa Uswidi katika miaka ya 1930 akidhani dutu hiyo inatoka kwenye tezi ya prosteti. Alikosea tezi, jina likabaki. Prostaglandini E2 ndiyo inayotanua mishipa ya damu na kuongeza unyeti wa neva, na ikifika ubongoni inapandisha homa. COX-1 ipo siku zote, ikilinda tumbo na kazi nyingine za nyumbani. COX-2 hutengenezwa kwa wingi ndani ya saa chache baada ya vipokezi kushtuka.

Aspirini iliingia sokoni mwaka 1899. Mwaka 1971 ndipo John Vane, London, alipoonyesha kwamba inazuia utengenezaji wa prostaglandini. Dunia ilimeza kidonge miaka 72 bila kujua kinafanya nini. Mwaka 1982 Vane alipata Nobeli pamoja na Waswidi wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Diklofenaki ya kwenye droo yangu ni ya ukoo huohuo: inaziba mlango wa COX.

Njia ya pili inaenda kwenye lukotrini. Samuelsson na wenzake ndio waliozitambua umbo, mwaka 1979. Baadhi yake hubana misuli ya njia za hewa kwa nguvu inayopita histamini, ile dutu ya mwili inayoleta dalili za aleji, kwa mamia ya mara, hujaza makamasi, huvimbisha kuta za ndani. Kifua kinapiga mluzi.

Mnaona ninakoelekea. Nami nilidhani nimefika.

Nikajiambia: nimeziba njia moja, mafuta yote yakafurika njia ya pili, yakamiminika kifuani kwa Mama Zuhura. Kama maji ya Mto Msimbazi, ukiyazuia huku yanaingia nyumba ya kule. Nilikuwa tayari kuliandika ubaoni.

Halafu nikajiuliza, mbona mimi sikubanwa? Nilimeza vinne. Mamilioni ya watu wanameza kila siku. Kama ni mafuriko tu, tungebanwa wote.

## Pua

Mfaransa Fernand Widal na wenzake waliwaeleza wagonjwa wa namna hii mwaka 1922. Wana pumu, pua imeziba kwa nyama za puani, na wakimeza aspirini wanabanwa kifua, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa tatu. Wengi wao hupoteza uwezo wa kunusa. Wengi pia hawakuzaliwa nao. Huanza ukubwani, hata kwa mtu aliyemeza aspirini ujanani bila shida yoyote. Katika kila watu wazima 100 wenye pumu, wa hivyo ni 7 hivi.

Nilisimama nikaenda uani. Hakukuwa na mtu. Chuma cha vitumbua kilikuwa kimeegeshwa ukutani, vishimo viwili vya katikati vimeganda weusi usiotoka kwa steli waya.

Kwa wagonjwa hawa, lukotrini ziko juu hata siku ya kawaida. Seli za masti, walinzi wanaoachia lukotrini na histamini, zile zilizojaa kwenye pua na njia za hewa, zinakaa ukingoni, zinangoja kusukumwa. Kinachozizuia, nilisoma mara tatu ili niamini, ni prostaglandini E2. Yuleyule niliyekuwa nimempa cheo cha adui tangu mwanzo wa daftari. Anazikanyagia breki seli za masti na anaipunguza kasi njia ya lukotrini. Tena si hapo tu: mchochota unapokomaa, prostaglandini hizohizo huziambia seli zianze kutengeneza mafuta mengine, yaitwayo lipoksini, yanayofunga kazi na kuwarudisha walinzi nyumbani.

Kwangu breki ile ikiondolewa, gari liko tambarare. Kwake lilikuwa mlimani.

Nami ndiye niliyeiondoa, saa tano usiku, na glasi ya maji nikampa.

Asubuhi ile daktari alimwandikia prednisoloni. Sasa naelewa kwa nini si dawa nyingine ya maumivu. Miongoni mwa kazi zake ni kupunguza makali juu ya njia panda, kulekule kwenye kimeng'enya kinachokata ukuta, kabla mafuta hayajachagua pa kwenda.

## Uani, alfajiri

Ningeweza kuishia hapo, na kwa wiki mbili niliishia hapo. Nilikuwa na maelezo mazuri na sikuwa nimesema kitu.

Jumamosi iliyopita niliamka na adhana, nikaenda uani na kigoda changu. Zuhura alikuwa anakoroga unga. Mama yake alikuwa anadondosha mafuta kwenye vishimo, kijiko kimojakimoja.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba. Mwalimu leo umeota nini?"

"Ile dawa nilikupa mimi. Na nilijua una pumu."

Akageuza kitumbua kwa kijiti. "Na mimi nilijua nina pumu."

"Kwa nini ulimwambia daktari umenunua dukani?"

"Ningesema umenipa wewe angekugombeza mbele ya mtoto. Wewe ndiye unayemfundisha."

Zuhura aliinamia bakuli, akakoroga zaidi ya unga ulivyohitaji.

Nikamweleza. Sikutaja fosfolipasi. Nilisema kuta za mwili ni mafuta, na mwili ukishtuka unayachomoa wenyewe, na yakichomoka yanakwenda njia mbili, moja inauma na moja inabana, na ile inayouma ndiyo inayoizuia inayobana. Nikasema kidonge changu kilimwondoa yule mzuiaji. Nilimuuliza kuhusu pua. Akasema hata udi hausikii, tangu Zuhura alipoanza darasa la kwanza.

"Sasa jino likirudi?"

"Uling'oe. Na ukiumwa, daktari alisema panadoli, ya kipimo cha kawaida. Pua umwambie kliniki. Usiseme ni vumbi."

Akamwita Zuhura afute mikono, alete daftari la kliniki. Nikamtajia, akaandika kwenye jalada kwa kalamu nene: aspirini, diklofenaki, ibuprofeni. Mama yake akamwambia asome kwa sauti. Akasoma. Akamwambia arudie.

"Na vile vilivyobaki?" akaniuliza mimi.

"Viko kwenye droo."

"Vingapi?"

"Vinne."

"Vilete."

Nilikwenda ndani. Nilivikuta chini ya risiti za luku, karatasi yake imekunjika pale nilipokata viwili. Nilipokuwa ukumbini narudi, nimepita ndoo ya tatu, harufu ikanifikia.

"Mama Zuhura," nikaita, "vinaungua."